Fundi wa mota akikabidhiwa koili ya fyusheni

Fundi wa kuwaindi mota pale Chikongola, Mtwara, ana mpangilio wake. Anahesabu raundi za zamani kabla hajazikata, anapima unene wa waya kwa maikromita, anachonga fomu ya mbao, anasuka, anapanga karatasi za insulesheni kwenye matundu ya kora, anafunga kwa uzi, anamwaga vanishi, anakausha, kisha anapiga mega, kile kifaa cha kupima insulesheni. Mota ya pampu inarudi Naliendele ikiunguruma kama mpya.

Koili za sumaku zinazofungwa kwenye mtambo wa fyusheni wa ITER, kule Cadarache, Ufaransa, zinapita njia hiyohiyo kwa karibu kila hatua. Fundi huyu akikabidhiwa koili ya supakondakta (kitu kisicho na ukinzani wa umeme kikiwa baridi sana), sehemu kubwa ya kazi anaijua. Shida ni mazoea yake matatu ambayo kwenye mota hayana ubaya wowote, lakini huku yanaua: kuvuta waya kwa mkono, kumwaga vanishi mpaka ijae kila pengo, na kuiamini mega iliyopigwa kwenye hewa ya kawaida. Karibu yote yafuatayo ni maelezo ya mambo hayo matatu.

Kwanza, kwa nini watu wanahangaika na supakondakta. Fyusheni ni kuunganisha viini vya hidrojeni nzito ndani ya gesi yenye joto la zaidi ya nyuzi milioni 100. Hakuna chungu cha kuibeba gesi hiyo, kwa hiyo inashikiliwa na uga wa sumaku bila kugusa ukuta. Mtambo wa JET wa Uingereza ulitumia koili za shaba, na shaba inapasha. Ilibidi wajenge majenereta mawili yenye magurudumu mazito ya kulimbikiza nishati, kwa sababu gridi peke yake isingeweza kuulisha, na hata hivyo kila mpigo ulipimwa kwa sekunde. Mtambo wa kuzalisha umeme hauwezi kuishi hivyo. Supakondakta ikiwa baridi vya kutosha haina ukinzani kabisa kwa mkondo wa moja kwa moja, kwa hiyo gharama inahama kutoka kwenye umeme kwenda kwenye ubaridi.

Zipo aina tatu kuu za kusukia koili kama hizi. Niobi-titani ni aloi laini inayosukwa kama waya wa kawaida na inafanya kazi chini ya kelvini 9.2, yaani nyuzi −264, ndiyo iliyo kwenye mashine za MRI hospitalini na kwenye koili 70 za mtambo wa fyusheni wa Wendelstein 7-X kule Greifswald, Ujerumani. Niobi-bati inavumilia uga mkubwa zaidi na inageuka kuwa supakondakta kwenye kelvini 18, lakini ikishaiva inavunjika kama kigae. Ya tatu ni utepe wa REBCO, wa oksidi ya shaba, bariamu na madini adimu, unaogeuka kwenye kelvini 92 hivi. Huu ndio pekee unaoweza kupimwa kwa nitrojeni ya kimiminika, yenye kelvini 77, yaani nyuzi −196. Ndiyo maana koili ya mezani huanza na REBCO.

Kwa wakazi wa Lindi wanaofuatilia mradi wa gesi wa Likong'o: gesi asilia ikigeuzwa kimiminika inakuwa nyuzi −162, sawa na kelvini 111. Kwa hiyo hata mtambo ule ukisimama, baridi yake haitaigusa supakondakta hii; itabaki karibu nyuzi 20 juu ya mahali utepe unapogeuka. Nitrojeni ndiyo njia, na si kitu kigeni nchini. Wataalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe wanaibeba kwenye mitungi ya kuhifadhia mbegu za madume, na kituo chao cha taifa kiko Usa River, Arusha.

Tuchukue koili ndogo ya kufanyia mazoezi. Utepe wa upana wa milimita 4 na unene wa milimita 0.1, unaobeba ampea 120 hivi ukiwa peke yake ndani ya nitrojeni. Fomu ya kipenyo cha milimita 60, raundi 50 zilizolaliana juu ya zenyewe kama springi ya saa ya zamani, na kati ya raundi na raundi utepe wa Kapton, plastiki nyembamba ya insulesheni, wa milimita 0.05. Unene wa msuko unakuwa milimita 7.5, kipenyo cha nje milimita 75. Raundi ya wastani ina sentimita 21, kwa hiyo utahitaji mita 10.6 za utepe, na uongeze mita moja kwa ajili ya miisho na makosa. Ukipitisha ampea 40, katikati unapata uga wa tesla 0.037 hivi (tesla ni kipimo cha uga wa sumaku). Ni ndogo, lakini kila kosa linaloiharibu koili kubwa linaonekana humu kwa bei ya kuvumilika.

Utepe wenyewe uuelewe kabla ya kuugusa. Ndani kuna karatasi ya Hastelloy, aloi ngumu ya nikeli, ya mikromita 50 au pungufu. Upande mmoja tu wa karatasi hiyo ndio umepakwa supakondakta, unene wa mikromita 1 au 2. Juu yake kuna fedha kidogo, kisha kila kitu kimefunikwa na shaba pande zote. Kwa macho pande mbili zinafanana, lakini kwa umeme hazifanani hata kidogo. Ukilehemu mwisho wa koili kwa upande wa Hastelloy, mkondo unalazimika kuzunguka kupitia shaba nyembamba ya kingo, na jointi yako inageuka hita. Soma karatasi ya mtengenezaji, tia alama ya wino kwenye upande wa supakondakta mwanzo hadi mwisho, na uusuke ukitazama ndani, kuelekea kwenye fomu. Supakondakta ikibanwa inavumilia zaidi kuliko ikinyooshwa.

Sasa zoea la kwanza. Fundi wa mota anavuta waya kwa vidole, anausikia. Utepe huu una aloi ngumu ndani, unaweza kubeba kilo 15 bila kulalamika, kwa hiyo si uzito unaoua. Kinachoua ni mkunjo na mvuto usio sawa. Kidole kikiuteleza utepe ukapinda kwa kipenyo kidogo, safu ya supakondakta inapasuka chini ya shaba na huoni kitu. Utakuja kuiona siku ya kupima. Usiupinde chini ya kipenyo cha milimita 30, na usiupinde kabisa kwa ubavu, yaani kuufanya ukate kona ukiwa umelala kama barabara. Mvuto usio sawa nao unaacha raundi zilizolegea, na raundi iliyolegea ikisukumwa na uga inasogea, inasuguana na kupasha.

Kwa hiyo weka bobini ya utepe kwenye ekseli yenye breki ya kitambaa, pitisha utepe kwenye gurudumu laini la kipenyo kisichopungua milimita 100, na uning'inize uzito wa kilo moja na nusu kwenye gurudumu linaloelea. Uzito haupandi wala haushuki, na mkono wako unabaki na kazi moja tu ya kuzungusha fomu. Vaa glovu safi. Jasho la Mtwara mwezi wa pili lina chumvi, na chumvi ikiachwa juu ya shaba inaila.

Fomu itengenezwe na nini? Hapa watu wengi wanakimbilia bomba la PVC kwa sababu lipo dukani. Liache. Plastiki hiyo inasinyaa mno kwenye baridi na inakuwa dhaifu kama yai. Kuanzia joto la chumbani hadi kelvini 77, chuma cha pua kinasinyaa asilimia 0.28 hivi, shaba 0.30, alumini 0.39, na fomu ya nyuzi za kioo na epoksi aina ya G-10 inakaribia 0.21 ukiipima kwa mwelekeo wa kitambaa chake. Utepe wenyewe uko karibu na G-10. Fomu ya alumini itasinyaa kuliko msuko, itajitenga nao, na raundi za ndani zitabaki zinaning'inia. Lakini alumini hiyohiyo ukiifanya pete ya nje inakuwa rafiki: ikipoa inaukaba msuko. G-10 ndani, alumini nje. Mpingo tuwaachie wachongaji. Mbao hunyonya maji na huachia nyufa ikikauka.

Jointi za miisho ni kipande cha shaba nene chenye mfereji wa sentimita 5. Tumia lehemu ya bati na risasi ya 63/37, inayoyeyuka nyuzi 183, na pasi ya kulehemu iwekwe nyuzi 200 hadi 210. Ukivuka 250 oksijeni inaanza kutoka ndani ya supakondakta na uwezo wake unashuka bila kurudi. Dakika moja inatosha. Flaksi iwe ya ulimbo. Ile ya asidi ya kulehemia mabati inaendelea kula shaba hata baada ya kazi kuisha. Jointi nzuri ya utepe kwa shaba iwe chini ya mikroomu 1. Kwa ampea 70 hiyo ni mikrovolti 70 na joto la miliwati 5, ambalo nitrojeni hailioni. Jointi mbovu ya mikroomu 200 ni karibu wati 1, na wati 1 ikikaa sehemu moja ya utepe mwembamba inatosha kuharibu mambo.

Zoea la pili ni vanishi. Kwenye mota vanishi ni uhai: inafunga waya zisitikisike na inazuia unyevu. Kwenye utepe wa REBCO, epoksi ya kawaida imeua koili nyingi, tena kwenye maabara za watu wanaojua kazi. Sababu yake ni hii. Utepe ni kama chapati ya tabaka: ukiuvuta kwa urefu haukatiki, lakini ukizifunua tabaka zinaachana kirahisi. Epoksi ikipoa hadi kelvini 77 inasinyaa asilimia 1 au zaidi, utepe unasinyaa robo ya hapo, na gundi iliyoshika pande zote za utepe inauvuta kwa upana na unene mpaka safu ya supakondakta inabanduka kutoka kwenye Hastelloy. Koili inapoa vizuri, mara ya kwanza inabeba ampea 70, mara ya pili 50, mara ya tatu 20.

Dawa ya mezani ni nta. Nta ya parafini, ile ya mishumaa, inafaa, na nta ya nyuki inafaa vilevile. Wafugaji wa nyuki wa Liwale wanayo. Nta ya nyuki inayeyuka nyuzi 62 hadi 64. Pasha koili na nta hadi nyuzi 80 ndani ya chombo kinachofyonzwa hewa, acha mapovu yatoke, kisha rudisha hewa ili iisukume nta kwenye mapengo. Poza polepole kutoka chini kwenda juu na uongeze nta kadiri inavyozama, kwa maana inapoganda inapungua ujazo na inaacha shimo pale ilipomalizikia. Nta inashika raundi zisitembee, lakini utepe ukitaka kuachana nayo inapasuka yenyewe kwanza. Hicho ndicho tunachotaka: gundi iwe dhaifu kuliko supakondakta. Wanaolazimika kutumia epoksi huichanganya na unga wa alumina ili isinyae kidogo.

Ipo njia nyingine inayomshangaza kila fundi wa mota: kuacha insulesheni kabisa. Raundi zinagusana shaba kwa shaba. Kwenye mota hiyo ni shoti na mota imekufa. Kwenye supakondakta yenye mkondo wa moja kwa moja, mkondo unapita ndani ya utepe kwa sababu huko hakuna ukinzani; sehemu moja ikizidiwa, unaruka kwenda raundi ya jirani badala ya kuchoma. Mtindo huu ulitangazwa mwaka 2011 na Seungyong Hahn na wenzake wa MIT, na mwaka 2019 koili ndogo ya aina hiyo, ikiwa ndani ya sumaku kubwa ya shaba kule Florida, ilisaidia kufikia tesla 45.5. Gharama yake ni subira. Ukipandisha umeme, sehemu ya mkondo inakata njia kupitia migusano, na uga unachelewa. Kwenye koili yetu kuchelewa huko ni kama sekunde moja. Kwenye koili ya tani kadhaa ni saa kadhaa.

Unyevu wa pwani unastahili maneno mawili. Kapton na kitambaa cha kioo vinanyonya maji hewani. Vikaushe kwenye oveni ya nyuzi 100 usiku kucha kabla ya kufunga kazi. Na koili ikitoka kwenye nitrojeni usiiache mezani: umande wa Mtwara utaganda juu yake, utayeyuka, na maji yatatafuta kingo za utepe zilizokatwa, ambako supakondakta iko wazi. Maji yanaila. Itie kwenye mfuko wa nailoni uliokazwa pamoja na pakiti za kukaushia ingali na ukungu, ipate joto humohumo. Kingo zilizokatwa zifunikwe kwa lehemu mapema.

Huku kwa wakubwa mambo ni yaleyale kwa vipimo vya kutisha. Koili ya katikati ya ITER ina moduli sita zilizotengenezwa na General Atomics kule California. Kila moduli ina karibu kilomita 6 za kebo ya niobi-bati ndani ya ala ya chuma, imesukwa tabaka 40, na uzito wake unapita tani 100. Niobi-bati haisukwi ikiwa imeiva, kwa hiyo wanasuka kwanza niobi na bati vikiwa bado havijaungana, kisha moduli nzima inaingia tanuri kwa wiki kama tano, ikifikia nyuzi 650. Hapo ndipo supakondakta inazaliwa. Ikitoka, kebo zinafunuliwa raundi kwa raundi, kidogo sana, ili kuzungushiwa utepe wa kioo na Kapton, kwa sababu insulesheni isingevumilia tanuri. Kisha inafungwa ndani ya kalibu, inafyonzwa hewa na kunyweshwa lita 3,800 za epoksi. Hapa epoksi ni lazima: nguvu za sumaku ni kubwa, na kebo iko ndani ya chuma, gundi haiigusi supakondakta yenyewe.

Koili 18 za umbo la herufi D zina shida ya kipekee. Kebo yake inaiva tanurini kwanza, ndipo ihamishiwe kwenye mifereji iliyochongwa kwenye sahani za chuma. Raundi moja ina zaidi ya mita 30. Tanuri likiibadilisha urefu kwa asilimia 0.1 tu, hizo ni sentimita 3, na kebo haiingii mferejini. Kwa hiyo mabadiliko hayo yanapimwa kwa majaribio kabla, na mfereji unachongwa kufuata kebo itakavyokuwa. Ndani ya kebo hiyo kuna nyuzi 900 za niobi-bati na 522 za shaba, kila moja milimita 0.82, zimesokotwa kuzunguka tundu la kati la kupitishia heliamu, na zinabeba ampea 68,000. Nyuzi hizi zikisukumwa na kuachiwa maelfu ya mara zinapinda na kupasuka kidogokidogo. Sampuli za mwanzo za kebo ya koili ya katikati zilipoteza uwezo kwa namna hiyo, na dawa ikawa kufupisha msokoto ili nyuzi zishikane zaidi. Mtu anayesuka ukili wa mkeka anaijua siri hiyo.

Sasa zoea la tatu, mega. Koili inaonyesha megaomu elfu na zaidi kwenye hewa ya kawaida, fundi anatabasamu. Lakini hewa yenyewe ni insulesheni nzuri. Kwenye ufa wa milimita 1 katika insulesheni, hewa ya kawaida inazuia volti elfu kadhaa, kwa hiyo mega haiuoni ufa huo. Mtambo wa fyusheni koili zake ziko ndani ya ombwe. Ombwe kamili nalo linazuia vizuri. Hatari iko katikati: shinikizo likishuka nusunusu, kwa mfano bomba la heliamu likivuja, cheche inaruka kwa volti chache mno. Kwa hewa kiwango cha chini kabisa ni volti 330 hivi, na gepu la sentimita 1 linakifikia kwenye paskali 75. Kwa heliamu ni nusu ya hapo, karibu volti 160. Kanuni hii inaitwa ya Paschen, na kipimo chake ni kuifunga koili kwenye tangi, kupandisha volti, na kupitisha shinikizo polepole kutoka hewa ya kawaida hadi ombwe huku ukisubiri cheche.

Japani ilionja. Mwezi Machi 2021, mtambo wa JT-60SA ulipokuwa ukiwashwa kwa majaribio, insulesheni kwenye jointi ya koili mojawapo ya kusawazisha plasma iliachia, cheche ikapiga, na heliamu ikavuja ndani ya ombwe. Msuko wenyewe ulikuwa mzima. Kilichoachia ni insulesheni ya jointi, kwenye mwisho. Plasma ya kwanza ilipatikana Oktoba 2023. Ukitaka kujua koili itakufa wapi, angalia jointi zake kwanza, msuko baadaye.

Turudi mezani, kwenye kipimo chenyewe. Kabla ya baridi, pima ukinzani kwa waya nne: mbili za kupitisha ampea 0.1, mbili za kusoma volti. Koili yetu itasoma omu 1.1 hivi, kama shaba yake ni mikromita 20 kila upande. Raundi moja ni milioomu 22 hivi, kwa hiyo ukikosa asilimia 2 kuna raundi mbili zinazogusana. Andika namba hiyo kwenye daftari.

Chombo cha nitrojeni kinaweza kuwa boksi la povu jeupe, la aina wanayosafirishia samaki, ndani ya boksi jingine. Deli la plastiki ngumu litapasuka. Andaa lita 8 hadi 10. Ining'inize koili kwenye mvuke juu ya nitrojeni kwa dakika 20, kisha ishushe sentimita kwa sentimita. Ukiitumbukiza, nje inasinyaa ndani kukiwa bado na joto. Mchemko ukitulia, imepoa.

Waya za kusomea volti zianzie ndani ya jointi na zisokotwe pamoja mpaka kwenye kipimio. Kigezo cha kimataifa cha utepe huu ni mikrovolti 1 kwa kila sentimita. Mita 10.6 ni mikrovolti 1,060: ampea zinazoleta volti hiyo ndizo uwezo wa koili. Usitegemee zile 120 za utepe peke yake, maana uga wa koili yenyewe unaupiga utepe kwa ubavu na kuupunguza. Nusu hadi theluthi mbili ni matokeo ya heshima.

Panda ampea 5, simama, subiri sekunde 10, soma. Kusimama si adabu tu. Koili hii ina milihenri 0.28 (kipimo cha jinsi inavyopinga mkondo kubadilika), ukipandisha kwa ampea 1 kila sekunde, kupanda kwenyewe kunaleta mikrovolti 280, robo ya kigezo chako, na utaandika uwezo wa uongo. Joto tofauti kwenye miisho ya waya nalo linaleta mikrovolti chache: soma ukiwa na ampea sifuri, toa namba hiyo, na ikiwezekana geuza mkondo upime tena. Mashine ya kuchomelea usiifikirie kabisa, mkondo wake unapwaya. Kipimio kijumlishe usomaji kwa kipande kamili cha milisekunde 20, mzunguko mmoja wa umeme wa TANESCO, ili kelele ijifute. Ukiwa kwenye jenereta dogo lisiloshika hezi 50, kelele haijifuti.

Ukikaribia, volti haipandi kwa unyoofu. Inapanda kwa kipeo cha 20 hadi 30. Kwa kipeo cha 25, kwenye asilimia 90 ya uwezo unasoma mikrovolti 75 tu, na kwenye asilimia 110 ni zaidi ya elfu 11. Weka kizimio kwenye milivolti 5, ambayo ni asilimia 6 tu juu ya uwezo. Kama mchoro wa volti unaanza kupanda mapema na kwa unyoofu, tangu ampea 10, hiyo si supakondakta inayochoka. Ni ukinzani wa kawaida: jointi mbovu au ufa.

Kuzidiwa huko kukienea kunaitwa kwenchi: sehemu moja inapoteza hali yake, inapasha, inaambukiza jirani. Kwenye niobi-titani maambukizi yanakwenda mita kadhaa kwa sekunde, kwa hiyo volti inapanda haraka na mashine inagundua. Kwenye REBCO yanakwenda milimita au sentimita kwa sekunde. Inasikika kama habari njema, kumbe ndiyo mbaya zaidi: sehemu ndogo inaungua kimyakimya huku volti ya jumla ikiwa bado ndogo. Tarehe 19 Septemba 2008, kwenye mtambo wa kugonganisha chembe wa LHC wa CERN, jointi moja ya ukinzani wa nanoomu 220 hivi iliachia. Tao la umeme likatoboa chombo cha heliamu na tani 6 zikapotea. Nanoomu. Mega ya mtaani haioni hata milioomu.

Tarehe 5 Septemba 2021, MIT na kampuni ya Commonwealth Fusion Systems walifikisha tesla 20 kwenye koili ya REBCO isiyo na insulesheni: sahani 16, kilomita 267 za utepe, ampea 40,000, kelvini 20. Baadaye waliikatia umeme kwa makusudi waone itakavyojibeba, na kona moja ikaungua. Nadhani hilo la pili ndilo jaribio lenye faida zaidi, kwa kuwa lilionyesha pale ambapo hesabu za karatasini zinafika mwisho.

Usalama wa nitrojeni ni hesabu fupi. Lita 1 inageuka gesi ya karibu lita 690. Chumba cha mita 3 kwa 3, kimo 2.7, ukimwaga lita 5 oksijeni inashuka kutoka asilimia 21 hadi 18 hivi, na kikomo cha kufanyia kazi ni 19.5. Haina harufu, na kizunguzungu hakikupi muda wa kufikiria. Milango wazi, feni juu ya sakafu maana gesi baridi inakaa chini, na kamwe usiibebe kwenye gari lililofungwa vioo. Chombo chake kisizibwe kwa kizibo cha kubana.

Ukishapata namba ya kwanza, toa koili, ipate joto ndani ya mfuko wake, irudishe tena. Fanya hivyo mara tano. Uwezo ukibaki ndani ya asilimia 2 au 3, koili ni nzima. Ukishuka kila mara, tabaka zinabanduka, na kosa liko kwenye gundi. Ukishuka mara moja tu kisha ukatulia, kuna mkunjo mahali fulani. Yeyusha nta, fungua raundi kwa raundi, na pima utepe kila nusu mita ndani ya nitrojeni kwa waya zile nne mpaka uupate mkunjo huo. Kata kipande hicho, laza miisho miwili supakondakta kwa supakondakta kwa urefu wa sentimita 5, lehemu, na urudishe kilo moja na nusu kwenye gurudumu.